Ukuta Umelinda Jiwe, Bei Bado Iko Nje

Kiboriloni imekaa juu ya ardhi changa. Udongo unaolisha migomba na kahawa kuanzia hapo kwenda juu, Old Moshi hadi msituni, ni zao la majivu na lava za Kilimanjaro, mlima ambao kilele chake kikongwe, Shira, hakifikishi miaka milioni tatu. Ukishuka kuelekea kusini-magharibi, ukaupita uwanja wa ndege wa KIA na kuingia nyika kavu ya Simanjiro, unakuta vilima vya Mirerani, na hapo hesabu ya umri inabadilika kabisa: miamba yake ni ya Ukanda wa Msumbiji, na jiwe linalotafutwa ndani yake lilipimwa miaka ya 1970 likaonekana lina takribani miaka milioni 585. Watu wa Moshi wameishi jirani na jiwe hilo tangu lilipogunduliwa mwaka 1967, na mazungumzo juu yake karibu siku zote yamekuwa mazungumzo ya wizi: nani kalitorosha, limepitia wapi, limeuzwa na nchi gani. Wizi upo. Lakini ugonjwa mkubwa wa biashara ya tanzanite ni kwamba mwenye jiwe hajui bei yake, na ugonjwa huo unaanzia kwenye mwamba wenyewe.

Tanzanite ni zoisaiti, madini ya kalsiamu na alumini, iliyopata rangi ya samawati na zambarau kutokana na chembe za vanadiamu. Ilijiunda pale ambapo mashapo ya kale ya bahari yalibanwa na kupikwa mpaka yakawa naisi yenye kinywe na marumaru, kisha yakakunjwa, yakapasuka, na maji ya moto yenye madini yakapita kwenye nyufa. Neno la kushika hapo ni nyufa. Jiwe halikusambaa mwambani. Limejikusanya katika vifuko vidogo kwenye mikunjo, na kati ya kifuko na kifuko kinachofuata mchimbaji anaweza kupasua mwamba mtupu miezi, hata miaka. Linganisha na Geita. Dhahabu ya ukanda wa Ziwa Victoria imetawanyika ndani ya mwamba kwa namna inayoweza kupimwa: kampuni inachoronga, inachukua sampuli, inaandika gramu kwa kila tani, na karatasi hiyo inapelekwa benki kuombewa mkopo kabla shimo halijachimbwa. Mirerani hakuna karatasi ya namna hiyo ambayo benki inaweza kuiamini, kwa hiyo mtaji unatoka kwa mtu anayekubali kubahatisha. Mwenye mgodi analisha vijana, ananunua baruti na kukodi kampresa. Vijana hao, yaani wanaapolo, wanafanya kazi kwa ahadi ya mgawo jiwe likionekana. Likishaonekana, wote wana njaa na madeni, na mwenye njaa na deni hauzi kwa kusubiri.

Historia ya uchimbaji imezidisha udhaifu huo. Serikali inamtambua Jumanne Mhero Ngoma kuwa mgunduzi, ingawa Manuel de Souza, fundi cherehani wa asili ya Goa aliyeishi Arusha, naye alisajili eneo mwaka huohuo wa 1967. Mwaka uliofuata wauza vito Tiffany wa New York wakalipa jiwe jina la nchi na kulitangaza. Mwaka 1971 machimbo yakataifishwa, na katika miaka iliyofuata shirika la umma likashindwa kuwazuia maelfu ya vijana waliojichimbia wenyewe. Mwaka 1990 eneo likagawanywa vitalu vinne, A hadi D. Kitalu C, kilicho kikubwa, kilikwenda kwanza kwa kampuni iliyotaka kinywe, si vito, kisha kikapita mikono kadhaa ikiwemo ya kampuni ya TanzaniteOne. Wachimbaji wadogo wakabanana kwenye B na D. Mgodi mdogo juu ya ardhi hauna mpaka chini yake. Kila mmoja anaufuata mkunjo wa mwamba unakoelekea, na ndiyo maana Mirerani ikawa na kesi zisizokwisha za mitobozano, mashimo ya majirani kukutana chini kwa chini. Mvua za 1998 na za 2008 zilipojaza mashimo hayo yaliyoungana, makumi ya watu walizama mara zote mbili. Katika nyika isiyo na maji ya kunywa.

Sasa tazama soko. Wauzaji wa nje wamezoea kusema tanzanite ni adimu mara elfu kuliko almasi. Kama uadimu peke yake ungeleta bei, Mirerani ingekuwa mji wa kifahari. Almasi, iliyojaa Botswana, Urusi na Kanada, inauzwa ghali zaidi kwa sababu kwa miongo mingi mauzo yake yalidhibitiwa, na kwa sababu uzito, rangi, usafi na mkato wake vinasomwa kwa vipimo ambavyo mnunuzi na muuzaji wote wanavikubali. Tanzanite haikuwa na ngao hiyo. Mwishoni mwa 2001 gazeti la Marekani lilipodai kuwa inawafadhili magaidi, maduka makubwa yaliiondoa kwenye kabati, na aliyeumia ni mchimbaji aliyeambiwa tu kwamba bei imeshuka. TanzaniteOne baadaye ilibuni madaraja yake na kuuza kwa wanunuzi maalumu, na hilo linathibitisha kwamba jambo linawezekana. Ila madaraja yalikuwa mali ya kampuni. Mchimbaji wa Kitalu D alibaki na dalali na tochi.

Kuna wa kunijibu kwamba vito havipangiki kwa madaraja kama kahawa, kila jiwe ni la peke yake. Mfano wa kahawa ni mzuri kuliko wanavyodhani. Mkulima wa mlimani aliyeanzisha chama cha wakulima mwaka 1925, kikafuatiwa na chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933, hakuuza buni kwa kukadiriwa machoni. Ilikobolewa Moshi, ikapangwa kwa madaraja, ikaonjwa, ikapelekwa mnadani. Buni za mashamba mawili hazifanani pia. Daraja lilizifanya zilinganishike. Mkulima huyo ana malalamiko hadi leo, tena ya haki, lakini anajua analalamikia bei ipi. Hata mama anayeuza ndizi soko la Kiboriloni anaona mkungu wa jirani yake umekwenda kwa kiasi gani kabla hajapunguza wa kwake. Mwanaapolo hana jirani wa kumtazama, kwa kuwa biashara ya jiwe lake hufanyika kwa siri.

Hoja nzito zaidi ya kunipinga ni ukuta unaozunguka machimbo. Rais Magufuli aliuagiza Septemba 2017 alipofungua barabara ya KIA kwenda Mirerani, jeshi likaujenga kilomita 24.5, ukazinduliwa Aprili 2018, na mapato ya serikali kutoka kwa wachimbaji wadogo, yaliyokuwa chini ya shilingi milioni 200 mwaka 2017, yakavuka bilioni moja mwaka 2018. Hayo ni mafanikio na sina sababu ya kuyapunguza. Ila ukuta unahesabu mawe yanayotoka, hauyathamini. Masoko ya madini yaliyofunguliwa kuanzia 2019 yanaifaa dhahabu kwa sababu usafi wake unapimwa papo hapo na bei ya dunia inasomwa kwenye simu. Mchimbaji Saniniu Laizer alipolipwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7 kwa mawe yake ya tanzanite mwezi Juni 2020, nchi nzima ilishangilia bilioni zake, na wachache wakaona kwamba lile lilikuwa moja ya mauzo machache ya tanzanite ambayo bei yake ilitangazwa hadharani.

Dawa nyingine inayotajwa, ya kuyakata mawe hapahapa nchini, nayo ina mipaka yake. Jaipur ina maelfu ya mafundi wanaokata mawe madogo kwa ujira ambao Arusha haiwezi kushindana nao, na kulazimisha kila punje ikatwe hapa ni kuwarudisha watu kwenye njia za panya. Yakatwe mawe makubwa na ya daraja la juu, ambayo ujira wa fundi ni sehemu ndogo ya thamani yake. Kituo cha jemolojia cha Arusha tayari kinafundisha kazi hiyo. Madogo yaondoke, yakiwa yamepangwa na kuuzwa hadharani. Minada iliyorejeshwa Mirerani mwishoni mwa 2024 ni mahali pa kuanzia, kwa sharti moja ambalo Wizara ya Madini inaweza kulitimiza bila kujenga ukuta mwingine: kila baada ya mnada, itoe orodha ya bei zilizofikiwa, kwa daraja na kwa gramu, ibandikwe getini.