Ulipata presha ukiwa na mimba? Usitupe kile kitabu cha kliniki

Arubaini imeisha, umekandwa, presha imeshuka na mtoi ananyonya fresh. Pale Kibokoni, Mji wa Kale, kila shangazi anakwambia mambo sasa ni poa. Zii, bado. Kama presha ilikupanda na mimba, moyo wako unafaa kuchungwa miaka yote inayokuja, na wengi hawaambiwi hivyo wakitoka wodini.

Hata Beyoncé yalimkuta. Kwenye filamu yake Homecoming ya 2019 alisema presha ilimpanda akiwa na mimba ya mapacha, mpaka akafanyiwa upasuaji wa dharura.

Kinachotokea ni hiki. Baada ya wiki ya 20, presha inagonga 140/90 ama zaidi, na mara nyingi protini inaonekana kwenye mkojo. Mtaani watu huiita kifafa cha mimba hata kama degedege halikufika. Kondo la nyuma lisipopata damu ya kutosha linamwaga kemikali zinazoumiza mishipa ya mama. Ukijifungua, kondo linatoka. Mishipa nayo si lazima irudi ilivyokuwa.

Uchambuzi uliotoka kwenye jarida la BMJ 2007, wa wanawake zaidi ya milioni 3, ulikuta kwamba waliopata shida hii wana hatari ya presha ya kudumu karibu mara 4 ya wenzao. Ugonjwa wa moyo na kiharusi, karibu mara 2. Usipanik: ukiwa na miaka 30 hatari yenyewe ni ndogo, hata ikizidishwa. Noma iko ukigonga 50, umesahau kabisa, na daktari hakuulizi ulizaa vipi. Kisukari cha mimba nacho kimo kwenye mkumbo huo huo.

Kwa hivyo weka kile kitabu. Kikipotea, sema kwa mdomo, iwe ni Makadara ama kliniki ya mtaani. Pima presha angalau mara moja kwa mwaka. Pilau ya harusi hakuna anayekunyima, ila chumvi na achari punguza kiasi. Na mamako, kama alikuzaa kwa shida hiyo, muulize alipimwa lini mara ya mwisho.

Uko bado ndani ya arubaini? Shida hii huweza kuja hata baada ya kuzaa. Kichwa kikiuma vibaya, macho yakiona ukungu ama pumzi ikikata, usiambiwe ni uchovu. Nenda hospitali usiku huo huo.