Chanzo cha Mzio wa Macho: Barabarani au Chumbani?

Mkazi wa Mtoni, kaskazini mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambaye macho yake yanawasha na kope zake zimevimba, huenda akalilaumu vumbi la barabarani, kwa kuwa ndilo linaloonekana. Vumbi hilo laweza kuliudhi jicho la mtu yeyote, ilhali mzio ni jambo jingine: ni kinga ya mwili kuishambulia protini isiyo na madhara kana kwamba ni ya adui. Silaha yake kuu ni imunoglobulini E, kingamwili iliyotambuliwa katika miaka ya 1960 na Kimishige na Teruko Ishizaka nchini Marekani, na Gunnar Johansson na Hans Bennich nchini Uswidi. Kingamwili hiyo hujibandika kwenye seli za masti zilizomo katika konjaktiva, yaani utando unaofunika weupe wa jicho na upande wa ndani wa kope, na protini ile ikiyeyuka katika machozi na kuigusa, seli hizo humwaga histamini, kemikali inayotanua mishipa na kuchochea muwasho ndani ya dakika chache tu.

Katika muongo huohuo watafiti wa Leiden, Uholanzi, walionyesha kwamba chanzo kikubwa cha protini hizo majumbani ni utitiri wa vumbi, jamaa wa kupe asiyeonekana kwa macho, ambaye hula magamba ya ngozi ya binadamu na ambaye kinyesi chake ndicho hasa kinacholeta mzio. Utitiri hanywi maji bali huyafyonza hewani, hivyo hudhoofika unyevu ukikaa chini ya asilimia 50 hivi. Unguja, yenye bahari pande zote na nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa zinazoshika unyevu, haimpi taabu hiyo, na godoro la sufi linastahili kushukiwa kuliko barabara.

Hata hivyo, mzio mkali wa watoto uitwao keratokonjaktivaiti ya vernali, ambao huweza kuidhuru konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, hauelezeki kwa utitiri peke yake, kwani unajulikana zaidi katika nchi zenye joto na ukavu, na wagonjwa wengi hawaonyeshi mzio wowote wanapopimwa ngozi. Uchunguzi wa wanafunzi wa Rwanda uliochapishwa mwaka 2011 uliukuta kwa takriban watoto 4 katika kila 100, ukaonyesha pia kwamba unahusiana na hali ya kiuchumi ya familia. Wavulana huugua zaidi, na wengi hupona baada ya kubalehe, jambo linalowafanya watafiti washuku homoni.

Kinachojulikana vizuri zaidi ni kwamba limfosaiti aina ya T, seli zinazoongoza kinga, ndizo zinazouendeleza uvimbe wa ugonjwa huo. Ndiyo maana jaribio jingine la Rwanda, lililochapishwa mwaka 2012, lilipima siklosporini, dawa inayozizuia seli hizo, dhidi ya deksamethasoni, ambayo ni steroidi, na steroidi zikitumiwa ovyo huleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Nguvu za dawa hizo mbili zilikaribiana, ingawa siklosporini ilichoma zaidi ilipotiwa jichoni.