Profesa Aliyekuja Lamu Kusoma

Bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, alikuwa na kisanduku cha mbao alichokiweka chini ya kitanda chake huko Siyu, kisiwani Pate. Ndani yake mlikuwa na chuo kimoja kilichoandikwa kwa mkono, kimefungwa kwa kitambaa cheupe. Baada ya sala ya alasiri akina mama wa mtaani walikuja wakaketi mkekani, naye akakifungua na kuwasomea utendi wa Mwana Kupona kwa sauti ya kuvuta. Sisi watoto tulikaa pembeni, tukisikia bila ya kuelewa sana.

Mwaka mmoja mvua ilivuja, kisha wakaja mchwa. Kilipofunguliwa kile kisanduku, chuo kilikuwa kimekwisha. Kwa kuwa karatasi zile zilikuwa na majina ya Mwenyezi Mungu, mjomba wangu alikusanya vipande vilivyobaki akavipeleka baharini kwa heshima. Bibi hakusema neno. Tangu siku hiyo akina mama hawakuitwa tena.

Nilipokuwa kijana, nikitafuta riziki Mombasa, siku moja nilifungua kitabu kilichopigwa chapa Uingereza mwaka 1934, nikakuta beti za bibi yangu zimepangwa moja baada ya moja. Juu ya jalada yalikuwapo majina mawili ya Kizungu: Alice Werner na William Hichens. Nilifurahi, na papo hapo nikaona haya. Tulichokipoteza sisi wenyewe nyumbani, nilikikuta kimetunzwa na wageni. Basi nikataka kumjua huyu Bibi Werner, na habari zake, msomaji mpenzi, ndizo ninazotaka kukupa leo.

Alizaliwa mwaka 1859 katika bandari ya Trieste, iliyokuwa siku zile chini ya dola ya Austria na sasa iko Italia. Baba yake alikuwa Mjerumani, mwalimu wa lugha. Utotoni mwake aila ile ilihama nchi hata nchi: New Zealand, Mexico, Marekani, mpaka ikatua Uingereza mwaka 1874. Binti huyu akasoma Munich, kisha Newnham, chuo cha wanawake huko Cambridge. Ieleweke kwamba Cambridge haikuwapa wanawake shahada kamili mpaka mwaka 1948, kwa hiyo alisoma mahali ambapo elimu ilikubaliwa lakini cheo chake hakikutolewa.

Mwenyewe alikuwa malenga wa kwao. Diwani yake ilitoka mwaka 1886. Mwaka 1893 alikwenda nchi ya Nyasa, ambayo leo ni Malawi, na mwaka uliofuata akafika Natal, Afrika ya Kusini. Aliporejea London alifundisha lugha za Kiafrika, Kizulu kikiwa mojawapo. Kisha, kati ya 1911 na 1913, alisafiri Afrika ya Mashariki, na katika safari hiyo ndipo alipofika Lamu. Alikuwa amekwisha pita miaka hamsini, umri ambao wengi wetu hutafuta kivuli cha kukaa. Yeye alikuwa akitafuta mwalimu.

Na mwalimu alimpata. Lamu ya wakati ule ilikuwa na Muhammad Kijuma, mtu aliyejaaliwa kila fani: malenga, mwandishi wa hati nzuri, mpiga ala, na fundi wa kuchonga milango. Kijuma alizinakili tendi kwa khati yake safi, na kwa mkono wake maneno ya Mwana Kupona yakavuka bahari. Werner alipoutoa utendi huo Marekani mwaka 1917, pamoja na tafsiri ya Kiingereza, alitegemea kazi ya Mwamu huyu.

Hapa nataka tufahamu vizuri kazi yenyewe ilikuwa kazi gani. Sisi tuliopita chuoni kwa mwalimu tunajua kwamba herufi za Kiarabu, zilivyotumika zamani kuandika Kiswahili, hazikutosheleza sauti zetu zote. Herufi ya “be” ilibeba sauti ya b, ya p, na ya mb. Kisirati ilikuwa ni i na pia e. Dhuma ilikuwa ni u na pia o. Kwa hiyo neno “bibi” na neno “pembe” huenda yakaandikwa sawasawa, na msomaji ndiye wa kuamua. Anaamuaje? Kwa kuwa amekwisha kuusikia utendi ukisomwa, na lugha ni yake. Mtu aliyeketi London na karatasi peke yake angalipotea njia katika ubeti wa kwanza. Karatasi ilikuwa nusu ya chuo. Nusu ya pili ilikuwa katika koo za watu wa Lamu, na wao ndio waliompa.

Mwaka 1917 kilifunguliwa London chuo cha lugha za Mashariki, School of Oriental Studies, naye akawa miongoni mwa walimu wake. Mwaka 1921 akapewa uprofesa wa Kiswahili na lugha za Kibantu, akaushika mpaka alipostaafu karibu na mwaka 1930. Katika miaka hiyo na iliyozunguka alichapisha habari za Pate pamoja na tafsiri, utendi wa Ayubu, kisa cha Mikidadi na Mayasa, na vitabu juu ya ngano na lugha za Wabantu. Yeye na dada yake Mary wakaandika pia kitabu cha kuwafundisha wageni Kiswahili. Alifariki mwezi wa Juni 1935, mwaka mmoja tu baada ya kutoka kile kitabu nilichokifungua Mombasa.

Angalia, msomaji, majira yenyewe. Mwaka 1928 wakuu wa elimu wa serikali za kikoloni walikutana Mombasa, wakakata shauri kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu. Kiamu, lugha ya tendi nyingi za kale, kikabaki nje ya mlango. Mtoto wa Lamu alipoandika “mato” alisahihishwa aandike “macho”; aliposema “nti” aliambiwa ni “nchi”. Katika miaka hiyo hiyo profesa huyu alikuwa akikipiga chapa Kiamu kama kilivyosemwa, na kuwaonyesha wasomi wa Ulaya kwamba hicho si Kiswahili kilichoharibika, bali ni lugha yenye elimu na ushairi wake. Kwa hilo tunamshukuru.

Lakini shukrani haifungi mdomo. Kitabu kile cha 1934 kilipewa jina la Kiingereza lenye kutaja wajibu wa mke kwa mumewe, na wengi waliokisoma wakadhani Mwana Kupona hakuwa na jingine la kusema. Sivyo tulivyomsikia sisi. Mwana Kupona binti Msham alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mkuu wa Siyu aliyepambana na utawala wa Sayyid Said. Alitunga mwaka 1858, naye ni mgonjwa, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Ndani ya utendi mna wasia wa dini na adabu, na mna dua ndefu ya mtu anayeona siku zake zinapungua na mtoto wake bado mdogo. Akina mama waliokaa mkekani kwa bibi yangu walilia katika dua, wala si katika mlango wa kumtumikia mume.

Tena, cheo kilikaa London. Kijuma aliendelea kunakili, akiwapelekea Hichens na Mjerumani Ernst Dammann hati nyingine katika miaka ya 1930, mpaka alipofariki mwaka 1945. Hakuna aliyemwita profesa. Ilibidi tungoje mpaka mwaka 1983, ndipo msomi Mohamed Abou Egl alipoandika tasnifu juu ya maisha na kazi za Kijuma, katika chuo kile kile alichofundisha Werner. Mwanafunzi alipata uprofesa kwanza. Mwalimu akapata tasnifu baada ya miaka karibu arobaini kaburini.

Na zile hati ziko wapi? Nyingi ziko London na Ujerumani, zimehifadhiwa vizuri. Kijana wa Pate anayetaka kuiona khati ya babu yake huenda akahitaji pasipoti. Hata hivyo si zote zilizoondoka. Katika muongo wa 2010 hati za Msikiti wa Riyadha hapa Lamu zilipigwa picha, nazo zenyewe zikabaki mahali pake msikitini. Njia basi ipo, na haihitaji mtu kunyang'anywa chuo chake.

Najua ziko nyumba Lamu, Pate, Siyu na Faza ambazo bado zina kisanduku chini ya kitanda. Wenyewe wanaogopa kuonyesha, na wana sababu. Wako walioazima vyuo wasivirudishe. Nami sisemi mpeleke popote. Nasema mkifungue kabla ya mvua, mkitie jua, na mumwite bibi akisome angali hai, na kijana aketi karibu na simu yake airekodi sauti. Bibi yangu angalisoma lau angaliombwa. Hakuna aliyemwomba, nami nilikuwamo mle chumbani.