Okidi ya Milimani Hainyonyi Mti

Mtu apitaye katika misitu ya milima ya Kenya aweza kuona, juu katika matawi ya miti mikubwa, mmea wenye majani mazito na mizizi inayoning'inia hewani. Wengi wauonapo hudhani kwamba unaunyonya mti, nao huung'oa na kuutupa. Hilo ni kosa. Iko mimea mingine ipenyezayo mizizi yake ndani ya mti na kunywa maji yake, lakini mmea huu, yaani okidi, hautaki kwa mti ila mahali pa kukaa.

Mojawapo ya okidi hizo huitwa na wataalamu Aerangis thomsonii. Huota Kenya, Uganda, Tanzania na Ethiopia, katika misitu iliyo kati ya futi 5,000 na 8,500 hivi juu ya bahari.

Je, hupataje chakula? Mizizi yake imevikwa ganda laini jeupe ambalo hufyonza maji ya mvua na ya ukungu, pamoja na chumvichumvi za rutuba zinazotiririka juu ya magome. Ikiwa mikavu, mizizi huonekana ya kijivu. Ikilowa hugeuka kijani, nayo hushika nuru ya jua kama majani yafanyavyo.

Maua yake ni meupe, na harufu yake nzuri huzidi usiku. Nyuma ya kila ua kuna mrija mwembamba, urefu wake kama inchi 4 hadi 6, na asali imo ndani yake. Mdudu awezaye kuifikia ni nondo mkubwa mwenye ulimi mrefu. Anapousukuma ulimi ndani, chavua hugandamana naye, akaichukua mpaka ua jingine. Mwaka 2007 wataalamu Dino Martins na Steven Johnson walitangaza uchunguzi wao juu ya okidi za jamii hii katika Kenya. Waliona kwamba asali iliyo mwisho wa mrija ina sukari nyingi kuliko ile ya mdomoni. Basi nondo huzidi kuingia ndani akifuata utamu, na ua hupata haja yake.

Mbegu za okidi ni ndogo kama vumbi, nazo huchukuliwa na upepo. Kwa kuwa hazina akiba ya chakula, haziwezi kuota mpaka zikutane na kuvu ya namna fulani iwezayo kuzilisha. Kwa hiyo katika maelfu ya mbegu, ni chache sana zinazokuwa mimea.

Hapo ndipo ilipo hatari. Mti mmoja ukikatwa, okidi zote zilizokaa juu yake huanguka na kufa, na huchukua miaka mingi kupata nyingine badala yake. Tena, anayezichukua msituni ili kuziuza hupunguza mbegu za kesho. Ndiyo sababu mkataba wa mataifa uliotiwa sahihi mjini Washington mwaka 1973 unataka hati ya ruhusa kabla okidi za porini hazijavushwa mpaka.

Misitu hiyo hiyo ya Mlima Kenya na Nyandarua ndiyo inayolinda chemchemi za mto Tana. Aihifadhiye miti kwa ajili ya maji yake, amelihifadhi na ua hili pia.