Tangazo lilipovaa sare ya muuguzi

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi vyote vinajitembeza: katika redio ya matatu, kwenye mabango ya Thika Road, hadi ndani ya simu uliyoshika. Huenda unadhani, mpenzi msomaji, kwamba matangazo hayakugusi kwa vile hukununua kitu. Lakini tangazo huanza kazi mapema kuliko hapo. Hukutia shaka kuhusu kile ulicho nacho tayari.

Chukua mfano wa maziwa ya mtoto. Katika miaka ya 1960 na 1970, kampuni za maziwa ya unga zilitafuta wateja wapya Afrika na Asia. Mabango yalionyesha watoto wanene wenye tabasamu. Isitoshe, baadhi ya kampuni ziliajiri wanawake wakavishwa sare kama za wauguzi, wakawatembelea akina mama waliojifungua na kuwasifia mikebe. Mikebe mingine ilitolewa bure. Je, mama aliyejifungua jana angemshuku vipi mtu aliyevaa kama muuguzi?

Mtego ulikuwa papo hapo. Matiti hutoa maziwa kadiri mtoto anavyonyonya. Akizoeshwa chupa, maziwa ya mama hupungua. Mkebe wa bure ukiisha, sharti mama anunue mwingine. Tangazo lilikuwa limemnong'onezea kwamba huenda maziwa yake hayatoshi. Sasa chupa ikalifanya neno hilo kuwa kweli.

Mama asiye na pesa aliongeza maji ili unga udumu. Mara nyingi maji yenyewe hayakuwa safi. Watoto waliharisha, wakakonda, na wengi wakafariki.

Mnamo 1974 shirika la War on Want la Uingereza lilichapisha kijitabu kilichofichua mambo hayo. Mwaka wa 1977 raia wa Marekani walianza kususia bidhaa za Nestlé. Mei 1981, mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha kanuni za kudhibiti uuzaji wa maziwa hayo kwa kura 118. Marekani pekee ilipinga. Kenya ilitunga sheria yake mwaka wa 2012.

Si kwamba maziwa ya unga ni sumu. Wapo watoto wanaoyahitaji kwa ushauri wa daktari. Wala si kila tangazo ni baya. Tangazo la chanjo huokoa maisha.

Hata hivyo, ujanja ule wa sare haujafa. Leo anayevaa sare ni mwanamuziki au mchezaji mashuhuri, anayemwambia mwanafunzi kwamba ngozi yake ni nyeusi mno, au kwamba kamari itamlipia karo. Kijana humwamini kwa kuwa anampenda, kama mama yule alivyomwamini muuguzi wa bandia.

Kwa hivyo, mzazi, usizime redio tu ukadhani umemaliza kazi. Keti na wanao, tangazo likipita waulize: Nani amemlipa huyu anayesema? Kabla ya kumsikia, tulikuwa tumekosa kitu hiki? Na cha bure kikiisha, nani atalipa?

Mtoto aliyezoea maswali hayo hatadanganyika kwa urahisi, hata aje mtu amevaa sare nyeupe.