Matembezi yakivurugika, usiyalazimishe

Je, msomaji, ni mara ngapi umewaahidi watoto matembezi, kisha ukawa unasogeza tarehe mbele hadi wao wenyewe wakachoka kukukumbusha? Iwapo wewe ni mzazi mkazi wa Nairobi, ambako kodi ya nyumba, karo na nauli hugombea mshahara kabla haujatua mkononi, bila shaka unaelewa ninachosema. Ahadi ni rahisi mwezi wa Januari. Kufikia Aprili huwa imegeuka deni.

Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Muhula mzima, binti yangu wa miaka kumi na ndugu yake wa miaka sita walikuwa wakiniimbia wimbo mmoja tu: mbuga ya Hell's Gate kule Naivasha. Walikuwa wamesikia shuleni kwamba humo mtu huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli karibu na pundamilia na twiga, jambo ambalo ni nadra katika mbuga zetu. Zaidi ya yote, walitaka kushuka katika korongo la Ol Njorowa, ule ufa mwembamba ambao kuta zake za mawe zimechongwa na maji kwa karne nyingi.

"Baba, kweli tutashuka korongoni?" binti aliniuliza kila Jumapili.

"Tutashuka," nilimjibu kila mara, bila kusita.

Basi siku ikawadia. Mama watoto alikesha akipika chapati na kuchemsha mayai. Shemeji alituazima gari lake. Mama yangu, aliyekuwa amekuja jijini kutibiwa macho, alikubali kuandamana nasi. Ada ya kuingia mbugani nilikuwa nimeilipa kwa simu usiku uliotangulia. Tulipatana kuondoka saa kumi na mbili alfajiri.

Lakini wahenga walisema mipango si matumizi. Kiatu kimoja cha kitinda mimba kilipotea, kikasakwa nyumba nzima, kikapatikana ndani ya ndoo. Tuliondoka saa mbili na robo. Tulipokuwa tukiteremka kuelekea Mai Mahiu, karibu na lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano mnamo 1942, gurudumu la nyuma likapata pancha. Nililitoa la akiba. Nalo halikuwa na upepo!

Tulikaa kando ya barabara karibu saa mbili. Mama yangu aliwasimulia wajukuu jinsi wafungwa hao walivyotumiwa kujenga barabara hiyo, wakajijengea na mahali pa kusali. Watoto walisikiliza kwa makini. Mimi sikusikia neno. Nilikuwa nikitazama saa na kuhesabu hasara, hadi dereva wa lori aliyekuwa na pampu alipotuhurumia.

Tulipopita Mai Mahiu, mama alinyamaza ghafla. Ni karibu na mji huo ambapo, alfajiri ya Aprili 29, 2024, maji kutoka milimani yalisomba nyumba katika kijiji cha Kamuchiri na kuua makumi ya watu, wengi wao wakiwa usingizini. Alitazama nje ya dirisha kwa muda mrefu. Mimi nilikanyaga mafuta.

Tulifika korongoni saa saba unusu. Hapo ndipo mwelekezi wa watalii, kijana mrefu mwenye fimbo mkononi, alipotujia akitikisa kichwa.

"Leo hakuna kushuka, mkubwa."

Nilitazama juu. Anga lilikuwa la samawati na jua lilikuwa likichoma utosi. "Hakuna kushuka kwa nini? Mvua iko wapi?"

Alinyoosha fimbo kuelekea vilima vya mbali, ambako wingu jeusi lilikuwa limelala. "Iko kule. Lakini njia yake ni hapa."

Msomaji, jambo hili wengi wetu wa mjini hatulijui. Tumezoea mvua inayotulowesha pale tuliposimama. Korongo halifuati kanuni hiyo. Maji ya mvua iliyonyesha mbali hukusanyika kutoka vilima na vijito vingi, yakashuka yote kwa mkondo mmoja mwembamba. Mtu aliye chini huona kipande kidogo tu cha anga, nacho huenda kikawa cheupe kabisa. Pengine ishara ya kwanza ni maji ya miguuni kubadilika rangi na kuanza kubeba vijiti na majani. Ya pili huwa ni mngurumo. Kufikia hapo hakuna wa kushindana mbio na maji hayo. La kufanya ni kupanda juu upesi pale panapopandika, na kuta laini za korongo hazipandiki kila mahali.

Tena, hayo si hadithi za kutisha watoto. Mnamo Aprili 2012, vijana saba waliokuwa katika ziara ya kanisa walifariki baada ya kusombwa na mafuriko ya ghafla katika korongo hilo hilo. Jumapili ya Septemba 1, 2019, watu saba wengine, mwelekezi mmoja akiwa miongoni mwao, waliuawa vivyo hivyo. Nao walikuwa wametoka nyumbani kama sisi.

Mwelekezi alinieleza hayo kwa utulivu. Je, nilishukuru? La hasha. Nilighadhabika. Nilifikiria ada niliyolipa, mafuta niliyotia garini, zile saa mbili za jua na ahadi niliyorudia muhula mzima. Binti alikuwa ameanza kulia. Naona haya kukiri, lakini nilitoa noti ya shilingi elfu moja, nikaikunja kiganjani na kumpa mkono kijana yule.

Alirudisha mikono yake nyuma ya mgongo. "Mkubwa, nikiichukua hii, nani atamrudishia mama huyu wajukuu wake?"

Sikuwa na jibu. Mama yangu alikuwa amenikaribia polepole. "Mwanangu," alisema, "uliwaahidi watoto matembezi au uliwaahidi korongo?" Kisha akamgeukia mwelekezi. "Ahsante, kijana wangu. Mungu akuzidishie."

Kabla sijapata la kusema, tulisikia mayowe. Wakati sisi watu wazima tukijadiliana, nyani mmoja mkubwa alikuwa ameingia garini kupitia mlango uliosahauliwa wazi. Alitoka na mfuko mzima wa chapati, akaketi juu ya jiwe na kuanza kuzikunjua moja moja kama karani anayekagua faili. Kitinda mimba alicheka hadi akakaa chini. Dada yake alifuta machozi, naye akaangua kicheko. Hata mama watoto, aliyekesha akizipika, hakuweza kujizuia.

Tulirudi karibu na lango la Elsa. Ile noti ya elfu moja niliitumia kukodi baiskeli. Binti yangu hakuwahi kuendesha baiskeli, kwani mtaani kwetu vichochoro ni vya bodaboda na mikokoteni. Alasiri ile nilikimbia nyuma yake nikishikilia kiti, chini ya Fischer's Tower, nguzo ya mwamba yenye urefu wa mita zipatazo 25 iliyopewa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika huko mwaka 1883. Alianguka mara nne. Mara ya tano nilimwachilia bila kumwambia, naye akaenda peke yake. Kando ya barabara ngiri na watoto wake walisimama wakimtazama. Nyanya yake, na macho yake yale mabovu, alimwona. Alipiga vigelegele.

Tulikula mayai na kunywa chai iliyobaki, tukarudi Nairobi usiku.

Je, maji yalishuka korongoni siku hiyo? Hatukusikia habari yoyote ya mafuriko. Yamkini tungeingia na kutoka salama. Hata hivyo, kijana yule hakukosea. Asiyevuka barabara gari likija kwa kasi halazimiki kugongwa ili tuamini kwamba alifanya vyema. Tukingoja msiba ndio utuonyeshe nani alisema kweli, tutakuwa tumechelewa.

Kwa hivyo, mzazi mwenzangu, likizo zinapokaribia, fikiria haya. Ulizia hali ya mvua ya huko uendako na ya milima iliyo karibu, si ya mtaani kwako tu. Kagua gurudumu la akiba kabla ya kuwasha gari, hasa gari la kuazima. Panga jambo la pili la kufanya iwapo la kwanza litakwama, na uwaambie watoto mapema. Anayejua mahali akikuambia usiende, msikilize, hata kama umelipa. Pesa iliyolipwa imekwenda. Isikuvute uifuate.

Na ukumbuke kwamba watoto wanakutazama. Binti yangu aliiona ile noti mkononi mwangu, na aliona ikikataliwa. Njiani aliniuliza ilikuwa ya nini, nikamweleza ukweli, ingawa haikuwa rahisi. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza tutarudi lini ili tushuke korongoni.

Nilikuwa tayari kutaja tarehe. Nikajizuia.

"Mvua ikituruhusu," nilimjibu.