Darasa la Shangazi ni Wodi

Mimi nilidhani kazi ya mfamasia ni kuhesabu vidonge tu. Kumbe wapi! Likizo ya Agosti nilikaa kwa shangazi yangu, mfamasia wa hospitali. Kila usiku, sisi tukilala, yeye hufungua kompyuta. Anasomea shahada ya uzamili ya famasia ya kliniki katika chuo kikuu kimoja cha Uingereza, bila kuacha kazi.

Nikamwuliza, "Shangazi, utawajuaje wagonjwa kupitia kompyuta?"

Akacheka. "Mwanangu, darasa langu ni wodi."

Yaani, anayoyasoma usiku huyatumia asubuhi kitandani pa mgonjwa. Mathalani, dawa ya jentamisini hutolewa mwilini na figo. Figo zikiwa dhaifu, dawa hurundikana na yaweza kuharibu masikio. Basi shangazi hutazama kwanza kipimo cha figo, ndipo aikubali dozi.

Huko Uingereza uzamili huwa na krediti 180, kila moja saa 10 za masomo. Jumla saa 1,800! Ukizigawa kwa miaka 3, ni kama saa 12 kila wiki. Aghalabu anayeishia krediti 60 hupata cheti cha uzamili, 120, stashahada.

Siku moja shangazi alichoka, akasema anaacha. Kesho yake akazuia dozi iliyomzidi mzee mmoja mwenye figo dhaifu. Usiku huo kompyuta ikafunguliwa tena.

Wenzangu, haba na haba hujaza kibaba.